Zamu ya Dunguni

Jumamosi ile ilianza vizuri, kama zinavyoanza siku nyingi zenye nia mbaya. Wendelin alinyoa ndevu, akavaa suruali yenye mkunjo wa kukatia nyanya, akatoka kuitazama nyumba yake mpya. Ilikuwa siku ya kuibariki. Uani, mkewe Digna alikuwa anapika pilau ambalo harufu yake ilishawaalika hata wasioalikwa.

Mtaa wenyewe unaitwa Dunguni, ubavuni mwa Ifakara, upande wa mto Lumemo. Zamani hapakuwa na mtaa. Palikuwa na mpunga, vyura, na dungu moja la miti, na juu ya dungu alikaa shangazi yake Wendelin, Bibi Levina, akiamia ndege wasile mpunga, kwa kupiga debe la bati. Kisha mji ukaja. Ulikuja kama mgeni mwenye njaa: kwanza akasimama njiani, akasalimia, akaomba kiti. Kufumba na kufumbua, kuna nguzo za umeme, kuna saluni, na kuna jamaa anakaanga chipsi mahali ambapo jana kambare walikuwa wanazaana.

Levina hakuuza shamba. Madalali wakija na pikipiki zao, aliwapigia debe vile vile alivyowapigia kwelea, ndege wa mpunga, mpaka waruke.

Dungu lile lilikuwa na sheria, na kila mtoto wa ukoo alikulia nayo. Aliyeko juu akichoka huita jina la mtu: njoo unipokee. Ukiitika, umepokea. Hakuna cha tumbo linauma. Mwenzako anashuka, wewe unapanda, na hushuki mpaka mwingine akuitikie. Ndiyo maana watoto wa pale walijua kunyamaza kuliko watawa.

"Nikifa nizikeni hapa hapa," Levina alimwambia Wendelin. "Atakayenitoa, atashika zamu yangu."

Wendelin alicheka. Hata yeye Levina alicheka, lakini aliacha kabla yake.

Alifia juu ya dungu, debe likiwa mapajani. Wakamzika pale chini. Mji ulipozidi kusogea, ukoo ukakubali shamba likatwe viwanja, kwa sharti kwamba Levina ahamishiwe makaburi ya parokia. Wendelin akasema, niachieni mimi.

Tatizo ni kwamba udongo mzuri wa matofali ulikuwa pale pale kwenye tuta la kaburi lake, na Wendelin alikuwa na haraka ya tanuru. Alichimba peke yake asubuhi moja. Jembe likagonga kitu ambacho hakikuwa jiwe. Akakitazama. Akatazama huku na huku. Kisha akamwaga maji, akavua viatu, akakanyaga udongo na kilichomo mpaka ukawa laini.

Tanuru la pumba likafuka siku baada ya siku. Matofali yakatoka mekundu, ukiyagonga yanalia kama kengele, Wendelin akajengea nyumba yake, na mtaa mzima ukayagombania yaliyobaki. Parokiani likazikwa sanduku lililopigiliwa misumari. Ndani yake kulikuwa na kisiki cha mgomba kilichovikwa sanda. Wendelin alilia kaburini mpaka akashikwa mabega. Kwa kilio kile, mshindani wake hayupo bonde zima la Kilombero.

Sasa tuirudie Jumamosi. Katekista Teofili alikuwa ameanza kunyunyiza maji ya baraka. Yakigusa ukuta hayatiririki. Ukuta unayanywa.

Hapo akaingia mzee Evarist, mdogo wake Levina, magoti yakiwa na matope.

"Shikamoo, baba mdogo. Karibu, kiti hiki hapa."

"Marahaba. Natoka makaburini. Dada yangu ameota."

"Ameotaje?"

"Mgomba. Katikati ya kaburi. Nikasema niung'oe, nisafishe. Umetoka na sanda."

Wendelin akajaribu kucheka. "Udongo wa parokia nao, baba mdogo, una rutuba."

"Kumbe. Rutuba ya kumgeuza shangazi yako ndizi." Hakuna aliyecheka. "Nakuuliza mbele ya watu, Wendelini. Levina yuko wapi?"

Wendelin hakutaka kuutazama ukuta. Akautazama.

Ndipo kwelea walipokuja. Waliinuka upande wa mto kama moshi, wakageuka pamoja, wakashuka juu ya nyumba. Hawakutua kwenye bati. Walining'inia ukutani, wakidonoa matofali.

Debe likalia.

Halikulia uani. Lilikuwa ndani ya ukuta. Kisha sauti ya bibi kizee, ndefu, ya kuchoka.

"Hooo. Hooo."

Ndege wote wakaruka. Sufuria likamponyoka Digna.

"Wendelini," ukuta ukaita. "Njoo unipokee."

Digna akamshika mkono mumewe. "Baba Noela," akanong'ona, "usiitike."

Evarist, na hasira zake zote, akaweka kidole mdomoni. Akatikisa kichwa. Ukoo mzima ulifumba midomo.

"Wendelini."

Wendelin alitaka tu shangazi anyamaze. Wageni walikuwa wanatazama. Kila akiita tena, alikuwa anamtangaza.

"Wendelini."

"Nakuja, shangazi."



Kisha ngazi ya miti ikalia ndani ya ukuta. Mtu anashuka. Taratibu. Mguu. Mguu. Harufu ya mpunga mbichi na moshi ikampita Digna begani. Akageuka amwambie mumewe. Mkono alioushika haukuwepo. Viatu vyake vilikuwepo, vimeuelekea ukuta.

Katekista anasema alipepesa macho tu.

Walimtafuta mpaka Kidatu. Walichopata ni nyayo ndogo za udongo mbichi, kutoka ukutani, kupitia getini, hadi makaburi ya parokia. Shimo ambapo Evarist aling'oa mgomba lilikuwa limefukiwa na kulainishwa kwa viganja. Aliyelifukia hajajitaja.

Dunguni imekua. Kuna lami, kuna benki. Lakini karibu kila nyumba ina matofali ya tanuru lile, na jioni kwelea wakipita, debe hulia ukutani. Mara kwa huyu, mara kwa yule. Sauti siku hizi ni ya mwanamume. Imekauka. Huita majina ya watu anaowajua, akibembeleza.

Kwa hiyo ukifika mtaa ule ukapiga hodi, hutasikia karibu. Usidhani ni jeuri. Watakuja mlangoni kwanza, wakuone uso.

Juzi Digna alikuwa anachambua mchele barazani kwake. Ukuta ukamwita kwa jina ambalo mumewe alikuwa akimwita wakiwa wawili tu, taa imezimwa.

Alijaza khanga mdomoni, akaing'ata, akaendelea kuchambua.

Ukuta ukaita tena, safari hii jina la mtoto wao.

Kwa ndani, Noela akaitika, "Abee, baba?"