Umri wa Mlingoti

Kila asubuhi kabla ya shule, Kifungua, binti wa kwanza wa fundi cherehani, alimtilia mdogo wake dawa ya jicho. Jicho lenyewe halikuona tena. Jirani yao Mlingoti alilipiga kwa jiwe la manati makusudi, eti kwa sababu mtoto alimcheka. Nani asingemchukia mtu kama huyo?

Siku ya kesi, mama alifunga kilemba kwa hasira.

"Mlingoti hana cheti cha kuzaliwa. Nikiulizwa, nitasema ana miaka kumi na minane. Afungwe na watu wazima, akome."

"Lakini mama, mimi naye tulizaliwa siku moja," Kifungua alisema. " Mama yake alipofariki ukatunyonyesha sote."

"Maziwa yangu ndiyo yaliyompa nguvu ya kuvuta manati! Ukiulizwa, hujui."

Mahakamani majirani walimzomea Mlingoti. "Jitu zima lile!" Kweli alikuwa mrefu, kichwa chake kilikaribia kugusa juu ya mlango. Mama akasema ana miaka kumi na minane, na babu yake Mlingoti, mzee asiyekumbuka tena miaka, akabaki kutikisa kichwa.

"Yupo mwingine anayejua umri wake?" hakimu aliuliza.

Kifungua alitamani Mlingoti aozee gerezani. Hata hivyo alisimama.

"Ana miaka kumi na mitatu, mheshimiwa, kama mimi. Tulizaliwa wodi moja."

Watu wakaguna. Mama akamkata jicho, kisha akainamisha kichwa. "Mwanangu hasemi uongo," alisema kwa shida.

Hakimu alimwonya mama vikali, akaagiza kitabu cha wodi kiletwe. Kilithibitisha. Kesi ikahamishiwa mahakama ya watoto, na Mlingoti akapelekwa shule ya maadilisho kwa miaka mitatu.

Siku ya hukumu babu yake Mlingoti alimfuata Kifungua nje ili amshukuru.

"Usinishukuru, babu. Bado namchukia," alijibu, akaondoka.

Njiani majirani waliwapita bila salamu.

"Na mimi namchukia," mama alisema walipokaribia nyumbani. "Lakini mtoto akikosa, aadhibiwe kama mtoto. Mimi nilitaka kumwongezea miaka mitano kwa ulimi wangu, na kukufundisha wewe uongo. Ungenitii, mwanangu, leo ningekuwa nimeharibu watoto wawili."

Kifungua akamshika mkono, wakaingia ndani.