Bafu la Marashi

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Watu walibeba mabomba begani bila kuangalia nani yuko nyuma yao, mafundi waligombea mifuko ya saruji, na mwenye duka aliwafokea wote bila kumjibu hata mmoja. Katikati ya vurugu hizo, msichana mwenye gauni la manjano na viatu vya kisigino alikuwa ameketi juu ya choo.

Si kwamba alikuwa anakitumia, Mungu amstiri. Choo kilikuwa kipya, kimewekwa juu ya jukwaa la mbao ili wateja wakione, na yeye alikuwa anakijaribu kama mtu anavyojaribu kochi. Alifumba macho, akavuta pumzi ndefu. Hakikunuka kitu chochote. Machozi ya furaha yalimlengalenga.

"Samahani, dada," sauti ya kiume ikasema. "Hapa kuna foleni?"

Alifumbua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linatisha, nywele zimechongwa kwa mstari ulionyooka, na mkononi ana bomba jipya la sinki.

"Foleni ipo," alijibu, maana kwao aibu ikimzidi mtu hugeuka ujuvi. "Wewe ni wa mwisho."

"Nitasubiri. Ila usikae sana, mwenzio nimebanwa."

Walicheka wote wawili, na fundi mmoja aliyekuwa akipita akacheka pia bila kujua anacheka nini. Kijana alikuwa kinyozi, ana duka lake karibu na kituo cha basi. Msichana aliuza manukato, na kazini walishasahau jina lake la kuzaliwa. Walimwita Marashi.

"Kumbe ni wewe unayenukia hivi!" Kinyozi akasema. "Nilidhani siku hizi vyoo vinauzwa vikiwa vimetiwa udi."

"Una maneno wewe."

"Maneno ndiyo kazi yangu. Kichwa cha mtu hakikai kimya mbele ya wembe. Hiki choo unamnunulia nani?"

Marashi alisita. "Shangazi yangu."

Hapo ndipo uongo ulipoanza, ingawa ulikuwa uongo mdogo wenye ukweli ndani yake, maana choo kilikuwa cha nyumba nzima. Walipeana namba za simu, wakaachana.

Sasa tuseme ukweli kuhusu bafu la nyumbani kwao, na anayekula aweke kijiko chini. Marashi aliishi na shangazi yake katika nyumba ya zamani aliyoiacha bibi. Ilikuwa nyumba nzuri, kuta nene, dari la juu, madirisha makubwa. Lakini mwisho wa ukumbi kulikuwa na bafu, na bafu lile lilikuwa laana. Kuta zake zilizowahi kuwa kijani zilikuwa na rangi ya makohozi. Sakafu ilikuwa na utelezi ambao hakuna sabuni iliyowahi kuushinda. Ukiusugua leo, kesho umeota upya, mnene zaidi. Kwenye tundu la maji kulikuwa na nywele za watu waliokwisha kufa. Choo kilikuwa na ufa uliovuja kidogo kidogo kitu ambacho hakikuwa maji. Mende wa mle walikuwa wanene na hawakuwa na haraka, kama wenye nyumba. Na harufu! Chukua yai viza, lilaze ndani ya soksi, kisha uiache soksi juani. Marashi, ambaye pua yake iliweza kutenganisha waridi na yasmini akiwa amefumba macho, alioga kila siku huku ameshikilia kichefuchefu kwa meno.

Mafundi walikuwa wameitwa. Mmoja alichungulia, akasema anakwenda kuleta vifaa, na mpaka leo yuko njiani.

Lililomuuma Marashi zaidi lilikuwa la karani wa benki, mchumba wa kwanza. Alikuja kujitambulisha, akakaribishwa soda, akaomba kwenda msalani. Wakamsubiri sebuleni. Badala ya hatua zake wakasikia komeo la mlango wa nyuma, klak, kisha kimya. Soda yake ilibaki mezani mpaka ikaisha gesi.

"Kuanzia leo," shangazi akatangaza, "hakuna mchumba atakayeliona bafu hili kabla ya ndoa. Akishaoa atazoea, kama tulivyozoea sisi."

Lakini Marashi hakuwa amezoea. Na Kinyozi alikuwa anapiga simu kila asubuhi kabla hajafungua duka.

"Malkia, umeamkaje?"

"Nimeamka na usingizi wangu wote, umeniamsha wewe."

"Basi lala, nitapiga tena nikuimbie."

"Usithubutu! Juzi uliimba, shangazi akadhani kuna mbuzi kapotea."

Alikuwa mtu wa kumchekesha mpaka anashika mbavu. Siku moja alimletea mtandio wa kijani, mwepesi, wenye ukingo wa dhahabu, akamfunga shingoni mwenyewe kwa vidole vinavyonukia mafuta ya nywele. Marashi alirudi nyumbani akiuvuta puani njia nzima. Alimpenda kijana yule, na kwa sababu alimpenda, alikuwa na hofu. Mtu kama huyu, akiliona tundu lile la maji, atakaa kweli?

"Lini nitakuja kumwamkia shangazi?" Kinyozi akauliza.

"Shangazi anaumwa."

Wiki iliyofuata shangazi alikuwa amesafiri. Iliyofuata tena, alikuwa hapendi wageni. Ukweli ni kwamba shangazi alikuwa mzima kama kigogo, amekaa sebuleni akiuliza kila jioni, "Huyo kinyozi wako anakuja lini?" Na Marashi alikuwa bafuni, amevaa suruali ya zamani ya kaka yake, ameshika patasi na nyundo, anabandua kuta za makohozi kigae kwa kigae.

Kaka yake alimsaidia. Nyumbani walimwita Injinia tangu siku alipoifungua redio ya baba na redio ikanyamaza moja kwa moja. Walijifunza kwa video za simu. Kwenye video mzungumzaji alivaa fulana safi na kila kitu kilibanduka kwa mguso mmoja. Hapa kigae kimoja kilitoka na nusu ya ukuta, na nyuma yake kukawa na kitu cheusi, chenye manyoya, ambacho walikubaliana wasikichunguze.

Siku ya kung'oa tundu la sakafuni, harufu ilikuwa mbaya mno hata Marashi akajifunga mtandio wa kijani puani. Ndicho kitu pekee ndani ya nyumba ile kilichonukia mtu anayempenda. Injinia akang'oa chujio. Likatoka na fundo la nywele, refu, laini, linang'aa kama kitu kilichozaliwa sasa hivi. Marashi akageuza uso, akalipa mgongo. Nyuma ya fundo wakatoka mende, wengi, wakapanda ukuta, wakapanda miguu.

"Ziba! Ziba!" akapiga kelele.

"Nizibe na nini?"

Hakungoja. Alirarua kilichokuwa karibu, akakisukuma ndani ya tundu kwa mpini wa nyundo, ndani kabisa, akatoka mbio mpaka uani, na huko akatapika chai ya asubuhi. Aliporudi kesho yake, Injinia alikuwa amekwisha kuweka tundu jipya, linang'aa, na saruji imekauka pembeni yake.

"Uliondoa kile kitambaa?" akauliza.

"Kitambaa gani?" Injinia akasema. "Mimi sikuona kitambaa."

Kama hakukiona, basi hakipo, Marashi akajiambia. Mtu aliyechoka kunusa uvundo huamini haraka lolote lenye nafuu. Jioni tu, alipoutafuta mtandio wake kabatini, hakuuona. Akajua kilichokuwa puani kwake siku ile.

"Siku hizi huvai mtandio wangu," Kinyozi akasema kwenye simu.

"Uko kwa dobi."

"Bado? Dobi gani huyo, anaufua uzi kwa uzi?"

"Ana kazi nyingi, mpenzi."

"Niambie ukweli. Nyumbani nisije, shangazi sijui mgonjwa sijui msafiri, mikono yako siku hizi imejaa michubuko, na mtandio haupo. Una mume?"

"Mume! Mimi?"

"Basi kuna mtu. Kuna kitu hutaki nikione."

Angesema nini? Kwamba zawadi yake ameisukumia kwenye bomba la maji machafu? Kinyozi akakata simu, na asubuhi iliyofuata simu haikulia. Wala ile iliyofuata.

Marashi akamaliza bafu kwa hasira. Alipaka rangi, akaweka vigae vyeupe, akaweka kile choo cha dukani, akaweka kioo na taulo za manjano. Maji ya kuoga yalishuka polepole kidogo, lakini yalishuka. Likawa bafu la kupiga picha. Ndipo akapiga simu mwenyewe.

"Njoo Jumapili, uonane na shangazi."

"Nitakuja," Kinyozi akajibu. Hakumwita malkia.

Alikuja na shati lake jeupe, akaamkia kwa heshima, "Shikamoo, shangazi," akaitikiwa marahaba ya mwaka mzima. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuaga. Shangazi akamuuliza kazi, wazazi, kama anakunywa pombe. Akajibu yote, soda mkononi. Kisha akasema maneno ambayo Marashi aliyaota usiku na kuyaogopa mchana.

"Samahani, naomba kwenda msalani."

Marashi akamwonyesha mlango kwa fahari. Akasimama ukumbini, akasikia maji ya choo yakivutwa. Kisha akasikia mlio mwingine, kutoka chini, kama tumbo la mnyama mkubwa aliyeshiba vibaya. Blup. Blup. Na Kinyozi akasema, "Eeh!"

Chini ya mlango ukapenya ulimi mweusi wa maji. Halafu harufu ikaja. Ilikuwa ile ile ya zamani, imerudi na ndugu zake. Choo na bafu vilitumia bomba moja, bomba lilikuwa limeziba, na kila kilichovutwa chooni kilikuwa kinapanda kupitia tundu jipya linalong'aa, juu ya vigae vyeupe, na kilichokuwa kinaelea humo hakihitaji kutajwa. Kinyozi akatoka mbio, mkono mdomoni, suruali imelowa, akampita Marashi bila kumwangalia.

Klak. Komeo la mlango wa nyuma.

Marashi akaegemea ukuta. Alilia kwa sauti, bila aibu, kama mtoto. "Kaondoka, shangazi! Huyu naye kaondoka!"

"Mficha uchi hazai," shangazi akasema, pua ameiziba kwa kanga. "Ungemwambia mapema, mwanangu, angekimbia mapema."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Kinyozi akachungulia, uso umefifia, macho mekundu.

"Nimetapika kwenye maua ya shangazi," akasema. "Nisameheni sana. Sasa nionyesheni, chemba iko wapi?"

Marashi alimwangalia asiamini. "Hukuondoka?"

"Na suruali hii nitapanda basi gani?"

Chemba ilikuwa nyuma ya nyumba, imefunikwa kwa bamba la zege. Wakalisukuma wote wawili. Mende wakatoka, Marashi akaruka, Kinyozi akaruka juu zaidi. Akakunja mikono ya shati jeupe, akalala kifudifudi, akageuza uso pembeni na kuingiza mkono kwenye bomba mpaka begani. Alikuwa anajizuia asitapike, lakini mkono haukutoka.

"Kuna kitu laini," akasema kwa taabu. "Mungu wangu. Kinateleza. Nimekishika."

Akavuta. Kikatoka kwa mlio ambao Marashi hatausahau, na maji yote yaliyobanwa nyumba nzima yakakifuata, yakamwagikia Kinyozi kifuani na shingoni. Akabaki amepiga magoti, ameinua juu kitu kirefu cheusi, kimejaa nywele na ute. Ukingoni, penye sehemu iliyooshwa na maji, kulikuwa na uzi wa dhahabu.

Akaufuta kwa kidole gumba.

"Huyu ndiye dobi?" akauliza.

"Nilijifunga puani kwa sababu ulinukia wewe," Marashi akasema, maneno yakimtoka yote pamoja. "Mende wakatoka, nikachanganyikiwa, nikauzibia tundu. Hakuna mume. Hakuna mtu. Kulikuwa na bafu. Wa kwanza aliliona akakimbia, nikaona nitengeneze kwanza ndipo uje. Nilikuwa nakuficha uvundo wetu."

Shangazi alikuwa amesimama kibarazani. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akarudi ndani kufungua madirisha.

Kinyozi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akatapika tena, safari hii mbali na maua. Kisha akaenda kwenye bomba la uani, akaosha mikono kwa sabuni, akasuuza, akaosha tena mpaka kwenye viwiko. Marashi akasimama kando yake na taulo la manjano.

"Nilikuja leo kuachana na wewe," Kinyozi akasema. "Nilikuwa nimejiandaa na maneno kabisa."

"Na sasa?"

"Sasa nina swali. Lakini si swali la kuulizwa na mikono hii." Akamnyooshea. "Wewe ndiye mwenye pua. Hebu nusa. Imetakata?"

Marashi akainamisha uso, akavuta pumzi. Yai viza. Soksi. Nywele za marehemu. Kichefuchefu kikampanda mpaka kooni.

"Bado inanuka," akasema. "Inanuka vibaya sana."

"Nioshe tena, basi, ndipo niulize?"

"Hapana." Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akauweka shavuni, akakimeza kichefuchefu chake. "Uliza hivyo hivyo."