Usukani wa Kushoto

Siku wafanyakazi wa treni walipogoma katika nchi ile ya ugenini, uwanja mzima wa ndege ulihamia kwenye kaunta za magari ya kukodi, watu wakasukumana kana kwamba magari yanagawiwa bure. Mfamasia alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri, na suti yake ya bluu, aliyoipiga pasi kwa fahari, ilikuwa imekunjamana mgongoni kote. Kesho yake alikuwa na semina mji wa pili, mwendo wa saa tatu. Alipokabidhiwa ufunguo wa gari la mwisho, alisikia nyuma yake mwanamume akimuuliza mhudumu, kwa lugha ya kuokoteza, kama magari yao huja na dereva.

Sauti ile aliijua. Miaka minne ilimwita "Mama Vidonge". Kisha, wiki tatu kabla ya harusi yao, ilimpigia simu ikasema, "Nimepata mwingine," ikakata. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita.

"Breki," aliita kabla hajajizuia. Mtaa mzima ulimwita hivyo, maana alikuwa dereva wa teksi aliyesimamisha gari hata kwa kuku.

Mwanamume aligeuka, akaitafuta ile sauti kidogo, kisha akatabasamu. "Mama Vidonge. Kweli dunia duara."

"Dereva mzima unatafuta dereva?"

"Leseni nimeisahau nyumbani."

"Na mkeo? Umemsahau huko huko?"

"Naye hakuja."

Angeweza kumwacha hapo na begi lake. Alijiambia anampa lifti kwa sababu mtu wa kwenu humtupi ugenini, lakini huo ulikuwa uongo wa kujifariji. Alikuwa bado anampenda, na hilo lilimuudhi kuliko ile simu.

Kwenye maegesho kila mmoja alikwenda kwenye mlango aliouzoea, Mfamasia kushoto na Breki kulia. Walipoketi, usukani ulikuwa mbele ya Mfamasia, kwa kuwa magari ya huko yako kinyume na ya kwao. Breki alinyoosha mikono akashika hewa. Wakacheka wote wawili, kicheko cha zamani.

"Haya, dereva," Breki alisema. "Fuata upande wa kulia, usije ukatumaliza."

"Abiria hana usemi. Tulia."

Njiani manyunyu yalianza. Zamani, kila alipoendeshwa na mtu mwingine, Breki alikuwa akikanyaga sakafu mara tu gari la mbele lilipowasha taa nyekundu, na Mfamasia alimtania kwamba iko siku atatoboa gari la watu. Baada ya saa moja hivi, lori lililokuwa mbele yao lilisimama ghafla. Mfamasia akafunga breki kwa nguvu, na kwa mazoea akautupia jicho mguu wa mwenzake. Ulikuwa umetulia. Lori lilikuwa limejaa kioo kizima, naye Breki analielekea, anatabasamu.

"Kuna nini?" Breki aliuliza.

Mfamasia aliingia kituo cha mafuta cha kwanza alichokiona, akazima gari.

"Yule mwingine uliyesema umempata, yupo kweli?"

"Hajawahi kuwepo. Ni macho. Ya kuona mbali yamekwisha, ya karibu bado kidogo, kukiwa na mwanga. Nina miadi hospitali ya macho huko tunakokwenda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulimuuguza baba yako miaka sita. Tuliporudi kutoka makaburini ukaniambia, 'Nimechoka kuwa muuguzi wa mtu. Sasa na mimi nataka kuishi.' Wiki ile ile ndiyo niliyopimwa."

Mfamasia alifungua kinywa aseme kwamba yeye ni tofauti. Neno halikutoka. Siku ile alisema kweli, na uchovu wa kumgeuza mzee kitandani bado aliukumbuka mikononi. Pumzi tatu, nne, zikapita.

"Nisingekuacha," akasema.

"Najua," Breki alijibu, lakini kile kimya alikuwa ameshakisikia. "Twende, tusichelewe."

Mfamasia alimshusha hospitalini, akabaki garini na simu mkononi. Saa tisa alasiri ikaita.

"Wamesemaje?"

"Yale yale ya nyumbani. Kabla ya mwaka kwisha, giza tupu."

"Basi nioe kabla ya mwaka kwisha. Nakuposa mimi mwenyewe, waseme sina haya."

"Mpenzi wangu, pale kituoni ulinyamaza. Sikulaumu, hata kidogo. Ila ungekuja kwa mapenzi ukabaki kwa huruma, na mimi ningeisikia katika nyayo zako kila asubuhi."

"Sasa unataka nini?"

"Njoo nikuangalie. Kisha uende ukapumzike, kesho una semina."

Alimkuta chumba cha kungojea, kando ya dirisha kubwa, shati lake jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akaugeuza uso wake kwenye mwanga. Breki alisogea karibu kabisa, akaanzia kwenye paji la uso, akashuka taratibu.

"Umekonda."

"Kazi."

"Na hili kovu la kidevuni nilikuwa nimelisahau."

Mfamasia alijitahidi kutabasamu, maana hakutaka sura atakayobaki nayo iwe ya machozi. Midomo ikamtetemeka.

"Usijilazimishe," Breki alimwambia. "Lia tu. Hata hiyo naitaka."