Sauti ya Kibandani

Ukumbi wa maonyesho wa Columbus ulijaa watu asubuhi hiyo kama soko. Wenye saluni walitoka majimbo ya jirani kuja kutazama viti vya kunyolea, taa za kukaushia kucha, vitanda vya taa za kubabua ngozi, na vile vibanda virefu ambavyo Mmarekani mweupe huingia akafumba macho, akapuliziwa dawa mwili mzima, akatoka na rangi ya mtu aliyekaa juani wiki nzima.

Chimène Balagizi aliletwa kutoka Louisville pamoja na vibanda hivyo. Ndiye aliyeviunganisha, yeye na wenzake, katika kiwanda cha Jeffersontown, na sasa kazi yake ilikuwa kuvipangusa alama za vidole. Alivaa suruali nyeusi, shati la kiwanda lililopigwa pasi vizuri, na kilemba cha kitenge cha njano, kwa sababu mama yake alimwambia asiende mji wa watu bila kitu cha kwao.

Alifungua mlango wa kibanda cha mwisho, akapiga kelele.

Ndani kulikuwa na mwanamume mrefu amepiga magoti, shati jeupe, tai begani, kichwa kimeingia chini ya mabomba.

"Pole, usiogope!" alisema kwa Kiswahili bila kufikiri, akainua mikono kuonyesha kwamba hana ubaya. Viganja vyake vilikuwa na rangi ya karoti.

Chimène aliziba mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka.

"Eeh, papa! Ulishika nini?"

"Wewe ni wa Kiswahili?"

"Na weye?"

"Mimi ni Mkisii, wa Kenya. Naitwa Ombati. Hiki kibanda nimekichora mimi, na leo kimenipulizia mimi. Hii pua ya chini imeziba."

"Donc ni weye ulichora, na hukupakaa mafuta mu mikono mbele ya kuingia?"

"Maelezo ya mafuta niliyaandika mimi mwenyewe. Nikasahau."

Chimène hakumcheka tena. Alitoa mfukoni chupa ndogo ya mafuta, akaushika mkono wake, akaanza kusugua kati ya vidole taratibu, kama anayemnawisha mtoto kabla ya chakula. Rangi haikutoka. Dawa ile hutokana na sukari, na ikishashika ngozi hukaa mpaka ngozi yenyewe ijivue.

"Haitoki," alisema Ombati, asiutoe mkono.

"Ninajua haitoki."

"Mbona unasugua basi?"

"Juu utasalimia watu leo yote. Angalau isikuwe na mistari."

Ombati alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Unaitwa nani?"

"Chimène."

"Shimeni? Kama mtu aliye shimoni?"

"Leo nani alikuwa mu shimo, mimi ao weye?"

Kuanzia siku hiyo simu zilianza. Ombati alifanya kazi katika ofisi ya michoro ya Columbus, naye Chimène aliishi na mama yake, Mama Spés, katika nyumba za kupanga za Newburg, kule Louisville. Ombati alipiga kila siku wakati wake wa chakula cha mchana, Chimène akiwa nyumbani kwa sababu alifanya zamu ya usiku, na kila siku Ombati ndiye aliyekata, kwa sababu muda wake uliisha na mkate bado mkononi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Weye?"

"Nakula sauti yako."

"Kamata mukate, Ombati, acha uongo."

Siku nyingine waliongea juu ya kazi. Chimène alisema kwao Bukavu, Kongo, kuna wamama wanaojipaka dawa ili wawe weupe, na huku weupe wanalipa wawe kahawia. "Mungu akituangalia, anasema nini?"

"Anasema, Ombati, tengeneza pua zisizoziba, hawa wote ni wangu."

Chimène alicheka mpaka mama yake akauliza kuna nini.

Alipokwenda Columbus kumtembelea, Ombati alimwonyesha kibanda kipya alichokuwa akikichora. Sakafu yake haikuteleza. Mlango haukuwa na kufuli, asije mtu akaogopa, na ukutani aliweka mshikio kwa ajili ya wanawake wazee. Chimène alipitisha mkono kwenye ule mshikio. Mama yake hulea wazee kwa kazi, na magoti yake mwenyewe yameanza kuuma. Alijua mtu anayekumbuka magoti ya wengine ni mtu wa namna gani.

"Nahitaji sauti ya kumwambia mteja ageuke," Ombati alisema. "Kampuni italeta mtangazaji baadaye. Kwa sasa ni ya kupimia muda tu. Niongelee wewe."

"Mu Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili chako hichohicho. Niambie ungemwambia nini mtu."

"Mutu amefunga macho, anaogopa. Atataka umwambie kama imeisha."

"Basi mwambie."

Simu ya ofisi ikalia, Ombati akatoka. Chimène alimaliza kurekodi peke yake. Baadaye Ombati alitumia zile sehemu za kugeuka tu, akapima muda wake, akaridhika. Mwisho wa rekodi hakuwahi kuusikiliza.

Mwanzoni mwa baridi, Ombati alipewa kazi ya kuhamia Buffalo. Mwenye saluni mmoja kule alikuwa ameagiza vibanda vingi, na kampuni ilitaka mtu wa kuvifunga na kuvitunza. Alipanga maneno yake tangu asubuhi, na mchana akapiga.

"Chimène, wamenipa Buffalo."

"Buffalo ya theluji?"

"Ndiyo hiyo. Sitaki kwenda peke yangu. Utakuja na mimi?"

Ombati aliikandamiza simu sikioni. Hakusikia kwamba jikoni Newburg bomba la chini ya sinki lilikuwa limepasuka, na Mama Spés amesimama majini akiita, "Chimène, kuja! Kuja mbio!"

"Bon, Ombati," Chimène alisema haraka. "Tuachane."

Simu ikakatika.

Ombati alikaa na simu mkononi. Hata kwao Kisii watu husema waliachana sokoni au kanisani, nao hawamaanishi ubaya wowote. Lakini aliyeuliza swali kama lile, akajibiwa kwa neno kama lile, hasikii soko wala kanisa. Alisubiri dakika chache, kisha akaandika ujumbe kwa adabu zote alizofundishwa: Nimekuelewa. Sitakusumbua tena. Ubarikiwe.

Chimène aliusoma mikono ikidondosha maji. Aliusoma tena. Alikuwa amekusudia kumweleza mama yake jioni ile, na kesho yake ajibu.

"Ameniuliza kitu, hajangojea hata jibu," alisema.

"Mupigie," alisema Mama Spés.

"Mutu akisema hatakusumbua, maman, ukimupigia ni weye unamusumbua."

Mama Spés alimwekea chai, akaondoa simu mezani ili mwanawe asiiangalie wakati wa kula.

Mwezi ukapita. Buffalo ilikuwa nyeupe kote, na upepo wa mto Niagara ulipita katika mitaa ya Riverside ukitafuta shingo isiyofungwa skafu. Saluni aliyohamia Ombati ilisafishwa kila asubuhi na Mzee Salvatori, Mkongo wa Uvira mwenye sweta mbili na kofia ya sufu. Siku ya kwanza tu alipomwona Ombati akipuliza vidole, alimletea chai katika kifuniko cha chupa yake, na tangu hapo akawa anamletea kila asubuhi bila kuombwa.

Ijumaa moja Ombati alikuwa akijaribu spika za kibanda, pampu imezimwa. Alipitisha lugha moja moja: Kiingereza, Kihispania, Kifaransa. Ya mwisho haikuwa na jina. Ilikuwa ya majaribio, alisahau kuifuta. Alibonyeza.

"Karibu. Usiogope. Funga macho. Inua mikono, hivi, kama mutu anasifu Mungu. Geuka kushoto. Bon, vizuri."

Ombati alishika mlango. Hakuizima.

"Sasa upepo inakuja, iko na moto kidogo, itakukausha. Usikimbie." Sauti ilicheka kidogo. "Bon, imeisha. Fungua macho. Umependeza. Tuachane."

Mzee Salvatori alikuwa akipiga deki nyuma yake. Aliinua kichwa, akaijibu mashine kama mtu anayemjibu jirani langoni:

"Haya, mama, tuachane. Mungu akulinde." Kisha akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Ni mutoto wa kwetu huyu. Mulimutoa wapi?"

"Mzee, amesema tuachane."

"Ndiyo."

"Anamfukuza mteja?"

"Anamufukuza namna gani? Anaaga. Mimi kila Jumapili ninaachana na pasta pa mulango wa kanisa, na Jumapili ingine niko pale tena, ninaimba."

Ombati aliketi palepale kwenye sakafu isiyoteleza.

"Mzee, mimi ni mjinga."

"Bon, mujinga naye anakunywaka chai," alisema Mzee Salvatori, akammiminia.

Alipokwisha kunywa, Ombati alitaka kuisikia tena. Safari hii aliingia, akafunga mlango, akawasha, akafumba macho. Sauti ilipomwambia ainue mikono, akainua. Alikuwa amewasha pampu pia.

Alimpigia Chimène mara kadhaa, lakini kila simu ilipolia, Chimène aliona jina akaogopa kuambiwa ubarikiwe tena. Jumamosi Ombati aliingia barabarani. Alilala Columbus kwa rafiki yake Dancan na mkewe Kananu.

"Aki Ombati," Kananu alisema, "mwezi mzima hukumuuliza alimaanisha nini?"

"Niliogopa atanieleza."

Dancan alicheka mpaka akakohoa. Kananu hakucheka. Alichukua shati la Ombati, akalipiga pasi, akalitundika mlangoni kwa ajili ya kesho.

Jumapili ilikuwa imetulia pale Newburg. Watoto walikuwa wakiteleza kwenye barafu ya maegesho, wakipigiana kelele kwa Kiingereza. Chimène alikuwa ametoka kanisani. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lenye mabega ya kupanda, na koti kubwa juu yake. Alimkuta Ombati amesimama chini ya ngazi.

Alisimama pia. "Unatafuta nani?"

"Natafuta mtu wa kunisugua mikono."

Akavua glavu. Viganja vilikuwa karoti tupu.

Chimène alitaka kubaki na hasira yake, nayo ikamtoroka. "Tena? Hukupakaa mafuta tena?"

"Nilikuwa nasikiliza sauti yako. Chimène, siku ile ulisema tuachane."

"Ndiyo. Juu maman aliniita, maji ilikuwa imejaa mu nyumba."

"Mimi nilisikia unaniacha."

Chimène alimkodolea macho. "Kukuacha? Donc nimelia mwezi muzima juu ya bai-bai?"

"Na mimi pia."

"Weye ulilia?"

"Kidogo. Kwenye gari."

Midomo yake ilicheza, lakini hakucheka. "Na weye uliniuliza kitu, hukungojea jibu. Ile ndiyo iliniumiza, Ombati. Si Buffalo."

"Nisamehe. Nimekuja kuuliza tena, na nitangoja hata nigande hapa."

Chimène alitazama dirisha la juu, pazia likatikisika. "Maman hawezi kubaki peke yake. Magoti yake inamuuma. Siwezi kumuacha, hata kwa ajili yako."

"Sikuuliza uje peke yako. Riverside nimeona nyumba yenye chumba cha chini, haina ngazi hata moja mpaka jikoni. Niliiona kabla sijakupigia siku ile. Ndiyo habari niliyotaka kukwambia, ukakata."

Chimène alikaa kwenye ngazi, gauni, koti na vyote. Aliukumbuka ule mshikio ukutani mwa kibanda, akaanza kulia polepole. Dirisha likafunguka.

"Weye, kijana," aliita Mama Spés. "Kule baridi ni nyingi?"

"Nyingi sana, mama. Siwezi kudanganya."

"Kanisa iko?"

"Iko, ya Wakongo. Kuna mzee anaimba pale, na chai yake ni nzuri."

"Bon," alisema Mama Spés, akafunga dirisha kwa sababu ya upepo.

Ombati alipiga magoti kwenye theluji mbele ya Chimène, kama siku ya kwanza kule kibandani.

"Chimène, tusiachane."

"Hiyo ni Kiswahili ya kwenu ao ya kwetu?"

"Zote mbili."

Chimène alifungua mkoba wake, akatoa ile chupa ndogo ya mafuta, akauchukua mkono wa Ombati na kuanza kusugua kati ya vidole.

"Haitoki," Ombati alisema.

"Ninajua."

Dirisha likafunguka tena. "Donc munaachana ao hamuachane? Bugali inapoa!"

"Hatuachane, maman!" Chimène aliitikia. "Tunapanda. Weka sahani ingine."