Springi Mpya za Gari la Elieza

Novemba 1996, rafiki yetu Nickson, fundi magari wa mtaa wa Gungu, alifunga springi na shokapu mpya nyuma ya gari la mbio la zamani. Mwenye gari, Elieza, alilinunua kwa bei ya kutupa kwa mkimbizi aliyelivusha peke yake kutoka Burundi, viti vya nyuma vitupu.

Kesho yake Elieza alirudi amefura.

“Mwizi wewe, umenifungia vyuma vichovu. Nyuma inaburuza. Leo unalala polisi.”

“Mzee, tusi hilo utalimeza.”

Nickson akaliinua gari kwa jeki, akamwonyesha springi mpya, akalishusha. Likasimama juu, haliburuzi. Mvua ikaja, akafunga mlango wa gereji wakiwa ndani. Giza.

Springi zikalia. Nyuma ikashuka kushoto, kisha kulia, kama watu wanapopanda mmoja mmoja.

Nickson akawasha tochi. Gari lilikuwa tupu, limefungwa, na ufunguo alikuwa nao Elieza mkononi.