Swali Ambalo Mpambanuzi Hakuuliza

Abiria alipoingia katika lango la Mpambanuzi hakuambiwa avue hata kofia. Alitembea tu, hatua za mtu anayekwenda sokoni, na kuta mbili za kioo zikamsoma kutoka utosini hadi unyayoni. Ukuta wa kulia ulipima joto la ngozi. Wa kushoto ulipeleka mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, yakapita chini ya taya, kwapani na kinenani, yakitafuta mitoki, yaani tezi zilizovimba. Juu, macho madogo kama punje za ulezi yalikagua kila kipele. Wakati huohuo sauti tulivu ilikuwa ikimuuliza maswali kwa lugha aliyoinyonya kwa mama yake. Akitokea upande wa pili, jibu lilikuwa tayari linamngoja.

Lango hilo lilisimama katika stesheni kuu ya Tabora, mahali treni za sumaku za Kigoma na Mwanza hukutana kabla ya kuruka kwenda pwani. Aliyelibuni alikuwa Dokta Nyamizi Mihayo, na siku hiyo alikuwa amesimama nyuma ya kioo pamoja na Bwana Mmbaga, mkaguzi kutoka mamlaka ya afya. Ikiwa hadi jioni Mpambanuzi hatakosea, ataruhusiwa kufanya kazi peke yake, bila daktari kumsimamia, katika kila stesheni na kila zahanati ya nchi. Nyamizi aliwaza vijiji ambavyo havijawahi kumwona daktari. Kwa ajili ya vijiji hivyo alikuwa amezeekea maabara.

Mpox, ambayo mwaka ule ilikuwa imerudi kwa sura mpya, si ugonjwa wa kukisia. Tetekuwanga hufanana nao, surua hufanana nao, hata upele wa kawaida unaweza kumtia mtu hofu ya bure. Ndiyo maana wataalamu wa zamani waliweka fasili ya mgonjwa, tena kwa ngazi. Mwenye vipele pamoja na homa au mitoki huitwa mshukiwa. Mwenye dalili yoyote aliyegusana na mgonjwa hupanda ngazi, akawa mgonjwa wa kudhaniwa. Wa kuthibitishwa ni yule tu ambaye vinasaba vya kirusi chenyewe vimeonekana katika majimaji ya kipele chake. Fasili ni chekeche. Tundu zikiwa kubwa, wagonjwa wanapita. Zikiwa ndogo mno, unawazuia na wazima.

Asubuhi ile Mpambanuzi alikuwa amechekecha vizuri ajabu. Mama mmoja aliingia uso umejaa vipele, na watu foleni nzima wakarudi nyuma. Sauti ikamwambia, "Ni tetekuwanga, mama. Vipele vyako vingine vimekauka, vingine ndiyo kwanza vinachipua. Vya mpox kwa kawaida hukua pamoja kama mahindi ya shamba moja. Nenda chumba cha pili ukapewe dawa."

Bwana Mmbaga alitikisa kichwa. "Nimesomea ngozi miaka mingi, Dokta. Mimi ningesitasita."

Kisha akaingia mzee mmoja mrefu, kanzu nyeupe, mkononi kapu la ukindu lenye nguo za mtoto mchanga. Joto lake lilikuwa juu kidogo na mitoki ilionekana shingoni. Hakuwa na kipele kilichoonekana.

"Katika wiki tatu zilizopita," Mpambanuzi akauliza, "umemgusa au umemuuguza mtu mwenye vipele?"

"Sijamgusa."

"Una homa na mitoki, lakini huna vipele wala hukukutana na mgonjwa. Wewe si mshukiwa. Ukifika, kapime malaria. Safari njema."

Taa ikawaka kijani. Mzee akatoka, akaona jina kifuani kwa Nyamizi, akasimama.

"Mihayo. Mnyamwezi huyo. Wa wapi?"

"Wa Sikonge, mzee wangu."

"Basi umekwisha. Mimi Mwinshehe, Mzaramo wa Kisarawe, mtani wako." Akawaelekezea kidole mahamali wa chuma waliokuwa wakipanga mizigo. "Naona mmechoka kubeba wenyewe, mmeunda vyuma viwabebee."

"Afadhali sisi tulibeba mpaka pwani," Nyamizi akamjibu. "Nyinyi mlikaa mnapiga ngoma, mnangoja mzigo ufike mle."

Mzee akacheka akakohoa. "Tena mna deni nami. Nilikuja wiki mbili zilizopita kumwomboleza ndugu yenu Kasubi wa Ipuli. Nilifika amekwisha kuzikwa. Nikavaa koti lake na kofia yake, nikachechemea kama yeye, nikawagombeza wafiwa kwamba chai imepoa. Mjane alikuwa hajatia kitu kinywani tangu msiba uingie. Alicheka mpaka akashika ubavu, akaomba uji."

Kazi ya mtani msibani ni hiyo tangu enzi. Huvaa nguo za marehemu na kumwigiza, ili kilio kipate pa kupumulia.

"Alikufa kwa nini, babu?" Nyamizi akauliza.

"Moyo, wanasema. Alikuwa ametoka kuugua tetekuwanga ya ukubwani."

Tetekuwanga, au kilichofanana nayo, Nyamizi akawaza. "Na lile koti lilifuliwa kwanza?"

"Ebo. Koti la marehemu hulifui kabla ya kumwigiza. Likipoteza harufu yake, utamwigiza nani?"

Kengele ya treni ikalia.

"Mzee asiondoke," Nyamizi akasema.

Bwana Mmbaga akamvuta kando. "Dokta, mashine yako imesema si mshukiwa. Ukimzuia, umeifelisha wewe mwenyewe, nami nitalazimika kuandika hivyo."

"Na mimi nitazuiwa kwa kosa gani?" Mwinshehe akauliza, sasa bila utani. "Kesho kutwa ni arobaini ya mjukuu wangu. Mimi ndiye wa kumtoa nje."

Nyamizi alitazama kapu lile. Mtoto wa siku arobaini hajachanjwa dhidi ya mpox. Akaviona tena vijiji vyake, na safari hii viliondoka mbele yake kimoja kimoja.

"Andika, Bwana Mmbaga," akasema. "Babu, nakuomba urudi ndani."

"Mnyamwezi kumrudisha Mzaramo," mzee akanung'unika, lakini akarudi.

"Alivaa nguo za marehemu aliyekuwa na vipele," Nyamizi akaiambia mashine.

Mpambanuzi akajibu, "Nguo hubeba kirusi. Huko nako ni kugusana na mgonjwa. Namkagua upya." Macho yote ya ulezi yakageuka kwa pamoja. "Babu, fungua kinywa. Inua mdomo wa juu."

Nyuma ya mdomo palikuwa na kipele kimoja, kidogo kama punje ya mtama. Mkono mwembamba wa mashine ulikigusa kwa pamba, wepesi kama wa mama anayemfuta mtoto pua, na chombo cha kusoma vinasaba kikaanza kuvuma. Treni ilikuwa haijafunga milango jibu lilipotoka: imethibitishwa. Kitu ambacho zamani kingehitaji sampuli isafirishwe mikoa mitatu kilikuwa kimefanyika mbele ya macho yao. Mashine haikuwa na upofu. Ilikuwa haijaambiwa pa kutazama.

Mwinshehe aliketi sakafuni akiwa amelikumbatia kapu, kisha akalisukuma mbali. "Mjane," akasema. "Nilimshika mkono. Wahini kwake."

Waliwahi. Mjane na wanawe wawili walikutwa na homa tu, wakatibiwa mapema, wakapona wote. Kule pwani babu mwingine akamtoa mtoto nje. Bwana Mmbaga aliandika kama alivyoahidi, akaongeza kwamba Mpambanuzi ataruhusiwa akishaongezewa swali linalokosekana.

Nyamizi alihangaika na swali hilo. Akiuliza "Umehudhuria msiba?" nusu ya Tabora watakuwa washukiwa. Mwishowe akaenda wodi ya waliotengwa, akamsomea Mwinshehe kupitia kioo: "Je, umevaa au umelalia nguo za mtu aliyekuwa na vipele, aliye hai au aliyekufa?"

Mzee, uso sasa umejaa makovu mabichi, alifikiri. "Swali limekaa sawa. Akijibu ndiyo, mnamfungia?"

"Mpaka apimwe. Akikutwa nao, hadi apone."

"Basi hakuna mtani atakayevaa tena."

"Nguo zikichemshwa vizuri, babu, zinavalika."

"Nimekwambia habari ya harufu, mtani."

Nyamizi alirudi maabara akaliingiza swali, na katika mwaka mmoja Mpambanuzi akasimama katika zahanati mia nne. Mpox ikakosa pa kujificha. Watoto wengi wako hai leo kwa sababu ya swali lile, na hilo halina ubishi.

Kiangazi kilichofuata baba mdogo wa Nyamizi alifariki Sikonge. Watani walifika wengi, wenye adabu, wakaketi kwenye viti. Koti la marehemu lilitundikwa ukutani tangu asubuhi. Kila mtu alilitazama, hakuna aliyelisogelea, na wafiwa wakalia mfululizo mpaka sauti zikawakauka.