Kahawa ya Mume Aliye Hai

Nilikuwa nimekwisha kunywa nusu ya kahawa ndipo Lasmi aliponiambia si yangu.

"Hiyo ya marehemu, Daktari."

Ilikuwa Alhamisi jioni, wakati ambao kwa desturi ya kijiji kile wafu huwekewa vinywaji walivyovipenda, nami, daktari wa akili mwenye mvi na kitambi, nimempora maiti kikombe chake. Nikaomba radhi. Nikauliza, marehemu yupi?

"Mume wangu. Paryono."

Paryono alikuwa barazani nyuma yangu, akilipaka mafuta ya nazi gogo alilolitoboa matundu mawili ya kufungia miguu ya mkewe. Alikuwa akiimba kwa pua, polepole.

"Tangu mavuno ananiita jini," alisema. "Andika tu kuwa ni kichaa, nimfunge. Au ulifuata kahawa?"

Katika fani yetu, imani haiitwi ya kichaa kwa kuwa ya uongo tu. Lazima isitikisike kwa ushahidi, na kati ya watu wa mgonjwa asiwepo mwingine anayeiamini. Nikaanza na ushahidi.

"Lasmi, mtu huyu analijua jina la mtoto mliyemzika wewe na mumeo."

"Mwizi wa nyumba huchukua na funguo."

Nikamgeukia Paryono kumwambia kwamba mgonjwa hafungwi kwenye gogo, hupelekwa hospitali, naye akanisogelea, akainama mpaka harufu ya maua mabichi ya makaburini ikanijaa kooni, akaniambia kwa upole kwamba mkewe hatoki humu ndani, na midomo yake ilipokuwa ikiyasema hayo ule wimbo wa puani haukukatika, uliendelea chini ya maneno kama maji yapitayo chini ya sakafu, na kuku wote uani wakanyamaza.

Nikajiambia ni masikio yananidanganya. Umri.

Jikoni, Mbah Sanem, mama yake Paryono, alikuwa akipepeta mchele bila kuutazama.

"Bibi," nilinong'ona, "mambo ya majini sibishani na mtu. Nakuuliza moja tu: yule ni mwanao?"

Akaendelea kupepeta.

"Lasmi naondoka naye sasa hivi, apende asipende mumewe. Ukisema ni mwanao, nitamtibu mkweo wazimu."

Ungo ukasimama. Barazani wimbo nao ukasimama.

"Gari lako lina nafasi?" aliuliza.

"Ipo."

"Basi na mimi napanda."